Segera Tunapita

Jumamosi, 21 Desemba 2024

Saa tisa na nusu usiku tuko nje ya geti, Tabata, tunasubiri bajaji. Mzigo wetu ni mabegi mawili, mchele kilo 25, dumu la mafuta ya kula, blanketi la mama mkwe ambalo bado limo kwenye mfuko wake wa zipu, na kiroba cha nazi 12. Hicho kiroba baba watoto alikitazama mara tatu bila kusema kitu. Mara ya nne akashindwa.

"Nazi za nini Marangu?"

"Za kula."

Akanyamaza. Mtu aliyekaa na Mbondei miaka 9 anajua pa kunyamaza.

Majirani walishatutania wiki nzima: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, yaani wanarudi kwao kwa Krismasi. Utani huo hauzeeki. Kila Desemba ikifika, maduka ya Kariakoo yanaanza kufungwa moja moja, magari yaliyofungwa mizigo juu ya keria yanaelekea Kimara, na wanaobaki wanajisifu kwamba sasa Dar imerudi kwa wenyewe. Mimi si Mchaga, kwetu ni Muheza, ila niliolewa Marangu, huko mlimani Kilimanjaro, na jina langu limo kwenye daftari lao. Nahesabiwa kwa ndoa.

Stendi ya Magufuli pale Mbezi ilikuwa imejaa watu waliolala juu ya mabegi yao. Tiketi tulikata mwanzoni mwa Novemba, na huenda hilo ndilo jambo pekee nililofanya kwa akili mwaka huu. Dada mmoja aliingia na tiketi ya siti iliyokwisha kukaliwa, na aliyekaa naye ana tiketi, namba ileile, mwandiko uleule. Konda akatoa dawa ya Desemba: ndoo. Akaipindua katikati ya korido, dada akakaa, na kila tulipokaribia askari wa barabarani akaambiwa ainame. Aliinama mara 5 kabla ya Segera. Nilihesabu.

Chalinze tukakunja kulia. Wami watoto hawakujua hata kama tumevuka mto. Nilipokuwa nikisoma, Wami ilikuwa ni kubana pumzi: mteremko mkali, daraja jembamba la gari moja moja, huku malori yanapokezana na abiria wanasali kimoyomoyo. Daraja jipya ni pana na liko juu, unapita huku unamenya yai.

Halafu Segera. Pale barabara inagawanyika, kulia ni Muheza na Tanga, kushoto ni Korogwe na Moshi. Kutoka pale mpaka mlangoni kwa mama yangu ni kama kilomita 40. Na mama anajua ratiba ya basi letu kuliko konda, maana simu iliita pale pale tulipoanza kuona vibanda vya machungwa.

"Mmefika wapi?"

"Segera, mama."

"Haya. Nawaona."

Kila mwaka husema hivyo, nawaona, utadhani nyuma ya nyumba kuna kilima cha kuonea Segera. Basi likakata kushoto. Mimi hukaa dirisha la kulia, kwa sababu upande huo Muheza inachelewa kupotea kwa sekunde chache.

Mtu ataniuliza, si mngeshuka? Wakati wa kwenda, ukishuka Segera wiki hii umejitoa mwenyewe. Basi la kukuokota lenye nafasi ya watu wanne halipo. Wakati wa kurudi, baba watoto huwa amebakiza siku moja tu ya likizo. Mwaka wa kwanza tulisema mwakani. Wa pili tukasema mwakani. Kuanzia wa tatu hatukusema tena. Nimekwenda kwetu, sikatai, mara nyingi misibani, na mama amekuja Dar. Lakini wanangu wanaijua Segera kama mahali pa kununulia machungwa.

Korogwe tulisimama dakika 20 kula na kuchimba dawa. Baada ya hapo ni mkonge, mistari na mistari, Usambara ukiwa kuliani, kisha Pare nao kuliani, na joto la Same ambalo hata pazia za basi hazilisaidii. Mkubwa alitapika Mwanga. Tulifika Njia Panda ya Himo saa kumi na moja jioni, saa mbili nyuma ya ahadi, kwa sababu barabara nzima ilikuwa magari madogo ya Dar yanayofukuzana na kukamatwa na tochi za askari za kupimia mwendo, kisha yanafukuzana tena.

Mlima haukuonekana. Wingu tupu.

Noah ya kwenda Marangu Mtoni ilibeba watu 12 na nazi zangu. Kutoka Mtoni, bodaboda mbili, migomba kulia na kushoto, baridi inaingia kwenye mikono ya shati. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ua wa masale na tochi mkononi, akatumulika mmoja mmoja.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne. Haya, ingieni."

Nikamwamkia shikamoo, halafu nikajaribu na shimbonyi yangu, salamu ya Kichaga. Mawifi wakacheka. Mwaka wa 9, na bado wanacheka palepale.

Jumapili, 22 Desemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa saa mbili asubuhi, mara tu wazee waliporudi ibada ya kwanza: kisu, beseni la maji na mkungu wa mchare.

Kumenya ndizi mbichi ni mtihani unaorudiwa kila mwaka. Wifi mkubwa anapitisha kisu mara tatu na ndizi inatoka uchi, laini, kama imezaliwa hivyo. Zangu zinatoka na makovu. Kila mtu anajua beseni langu hata kama sipo. Na utomvu hauna msamaha, ukikauka kwenye vidole unakuwa mweusi na unakaa nao mpaka Januari. Mke mwenzangu, mke wa shemeji mdogo, ambaye ni Mmeru na alishapita njia hii, alinisukumia mafuta ya kula chini ya meza nijipake kabla sijaanza. Sisi tulioolewa tuna chama chetu kisicho na daftari.

Mtori ulikuwa mzito, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa yenyewe. Nilikunywa bakuli mbili. Hapo sibishani na mtu.

Jumatatu, 23 Desemba

Wanaume walipaka chokaa makaburi. Baba mkwe amelala hapa hapa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka jikoni, pembeni ya baba yake na babu yake, kati ya mibuni na migomba. Mara ya kwanza kuona hivyo niliogopa. Kwetu makaburi yako mbali na sufuria. Sasa naona ni akili yao. Kihamba hakiuziki kirahisi kikiwa na baba yako ndani.

Mdogo aliuliza kama babu naye anahesabiwa. Baba yake akasema ndiyo, huyo ndiye wa kwanza, akaendelea kupaka.

Mvua mchana kutwa. Umeme ukakatika.

Jumanne, 24 Desemba

Siku ya nyama. Mbuzi wawili walichinjwa asubuhi na mapema, na jikoni likahamia nje kwa wanaume. Hapo ndipo unapoona kwamba mbuzi wa huku ana katiba. Hakuna kipande kinachokatwa ovyo. Kuna cha mama mkwe, kuna cha baba mkubwa kwa sababu ndiye mkubwa wa ukoo, kuna cha shangazi walioolewa nje ambacho kinafungwa kwenye jani la mgomba na kupelekwa hata kama shangazi mwenyewe hajaja. Baba watoto, ambaye Dar hajui kisu cha jikoni kinakaa droo gani, alikuwa anakata na kutaja majina bila kukosea. Nilimtazama kama mtu mpya.

Kisusio kililetwa kwenye bakuli. Ni supu iliyotiwa damu, na wenye nayo wanasema mwenye afya hawezi kuikataa. Nilikataa. Mwaka wa kwanza nilijifanya nakunywa, nikamwaga kwenye mgomba, na mbwa akanitangaza.

Mbege ilikuwa tayari tangu jana, ndizi zilizochemshwa na kuchujwa, kisha zikachanganywa na uji wa ulezi. Aliyeileta alionja kwanza mbele ya watu, ndiyo adabu yake, halafu kata ikaanza kwa wazee. Ni kinywaji na chakula kwa pamoja. Baada ya kata mbili shemeji mdogo alianza kutueleza kuhusu wageni wake. Yeye ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, na tarehe 27 anapandisha kundi linalotaka mwaka mpya uwakute kileleni. Vituo vya kulala ni Mandara, Horombo, Kibo, kisha usiku ule wa mwisho mpaka mita 5,895.

"Wanalipa ili wasikie baridi," akasema. "Mimi nalipwa ili nisiseme nasikia."

Jioni nikaomba jiko. Mama mkwe alikuwa ameniruhusu mwenyewe, kwamba Krismasi hii nipike wali wa kwetu. Nikavunja nazi, nikaweka sinia, nikamgeukia mtoto wa wifi.

"Niletee mbuzi."

"Shangazi, mbuzi si amechinjwa asubuhi?"

Jikoni pakachekwa mpaka kuku wakatoka. Ndiyo, mlima mzima huu, na mbuzi wa kukunia nazi hayupo hata mmoja. Nimebeba nazi 12 kutoka Dar nikasahau kitu chenye kuzikuna. Tulitumia kikwaruzio cha karoti, mimi na mke mwenzangu kwa zamu, na tui lile lina ngozi ya vidole vyangu, hilo nakiri.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akiwa amejifunika blanketi jipya, akinitazama nikikamua. Akaokota punje ya iliki kwenye kikaratasi, akaitafuna.

"Hii ya dukani?"

"Hapana, mama. Inalimwa kwetu, juu kule Amani. Mama yangu alinitumia."

"Alikutumia Dar?"

"Kwa basi, ndiyo."

"Na nyie mkija huku, kwenu mnapita wapi?"

"Tunapita Segera. Kwetu ni upande wa pili."

"Mnapita."

"Tunapita, mama."

Akatema ganda la iliki kwenye moto. Hakusema zaidi, na mimi nilikuwa na tui la kuangalia.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisa la Kilutheri lilijaa mpaka watu wakakaa nje chini ya miti, na nusu yao ni sisi wa kutoka mbali; unatujua kwa viatu. Mahubiri yalikuwa mafupi. Kilichokuwa kirefu ni mnada.

Kwa asiyejua: anayetoa sadaka ya mazao, kuku, mayai au mkungu, sadaka yake inanadiwa uwanjani baada ya ibada, fedha zinabaki kanisani. Siku za kawaida kuku anauzwa bei ya kuku. Krismasi kuku anauzwa bei ya aliyemnunua. Jogoo mmoja mwekundu alipandishwa na mwenye duka la vipuri Dar na mwenye hoteli Arusha, waliosoma darasa moja na inaonekana hawajamalizana tangu wakati huo. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi aliwajua wote wawili kwa majina ya utotoni na alikuwa anayatumia bila huruma. Baba watoto naye akainua mkono. Nikaushika nikaushusha. Tukanunua mayai 10.

Nyumbani tulikuwa watu 43. Wali wa nazi niliupika kwa sufuria ya misiba, na iliki na mdalasini wa mama, nikauweka katikati ya vyakula vya Kichaga, machalari na ng'ande, kama mwanafunzi mgeni. Watoto walianza, kisha wanawake. Baba mkubwa alikula sahani nzima kimya, akarudishiwa, akala, akafuta mdomo.

"Wali mtamu," akasema. "Ila hauna ndizi."

Mke mwenzangu anasema hiyo ni sifa kubwa, kwake yeye alipopika makande ya kwao aliambiwa tu "asante kwa kujaribu".

Alhamisi, 26 Desemba

Kikao cha ukoo. Wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya mparachichi, wanawake wa ukoo pembeni yao, sisi wakwe kwenye ngazi za jikoni, mahali ambapo rasmi hatusikii chochote.

Mtunza daftari akasoma majina, nyumba kwa nyumba. Aliyekuja, tiki. Asiyekuja na hakutuma mchango, anasomwa mara mbili. Utani wa kuhesabiwa wa Dar, huku ni kalamu na karatasi. Kisha ada ya yatima wawili, ambayo ilipita haraka na kwa moyo, na hilo nataka niliseme kwa sababu watu huwa wanasimulia ugomvi tu. Kisha ugomvi.

Kuna mtu amesogeza masale. Mmea huu kwa Wachaga ndio mpaka, ndio msamaha, unapandwa hata kaburini, na kuung'oa usiku ukaupanda hatua mbili ndani ya shamba la ndugu yako si jambo dogo. Mtuhumiwa alisema masale yamejiotea. Baba mkubwa akamuuliza kama yalijiotea kwa mstari. Kutoka hapo wakaingia mpaka kwenye nani alirithi nini mwaka gani. Kwa desturi yao mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, wa kwanza hukatiwa sehemu yake, na wa katikati hupewa baraka akatafute. Baba watoto ni wa katikati. Nadhani nusu ya maduka ya Kariakoo yamefunguliwa na watoto wa katikati.

Wazee nao wakaililia kahawa. Babu yao alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, na kahawa ndiyo iliyowasomesha wote waliokaa chini ya ule mparachichi. Sasa mibuni inang'olewa, inapandwa migomba na maparachichi. Kijana mmoja akasema parachichi lina soko. Akajibiwa kwamba parachichi halijasomesha mtu bado.

Kuhusu masale, kikao kiliahirishwa mpaka Pasaka.

Ijumaa, 27 Desemba

Saa kumi na mbili asubuhi mke mwenzangu alinigongea dirisha. "Toka, limejifunua." Kibo yote, kilele chenyewe, nyeupe juu, karibu mpaka inatisha, na Mawenzi, kilele cha pili, pembeni yake kama jino bovu. Saa mbili wingu likafunika. Shemeji alikuwa ameshaondoka na mzigo wake.

Kufunga mizigo. Tulikuja na mizigo sita, tunarudi na tisa: maharage, parachichi, kahawa, ndizi.

Jumamosi, 28 Desemba

Mama mkwe alituamsha saa kumi usiku. Kwenye baraza kulikuwa na mkungu mmoja wa mchare uliofungwa peke yake kwa kamba za mgomba, na kifurushi cha nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nikadhani vimesahaulika, nikaanza kuviingiza kwenye mfuko wetu.

"Hivyo si vyenu. Ni vya mama yako. Mtashuka Segera."

Baba watoto akaanza. Kwamba tiketi ni za Dar, kwamba Jumatatu anaingia kazini, kwamba mwakani.

"Mwanamke anayepita njiani kwa mama yake kwenda na kurudi, miaka 9, bila kubisha hodi, watu wanasema nini?" Alikuwa anamtazama yeye, si mimi. "Wanasema mkwewe amemfunga. Mimi sijamfunga mtu."

Halafu akanigeukia na kuniambia nimwambie mama wali ulikuwa mzuri, na kwamba mwakani nibebe mbuzi. Nikasema aika mae, asante mama kwa Kichaga, na safari hii hakuna aliyecheka, labda kwa sababu mawifi walikuwa wamelala.

Same, Mombo, Korogwe, nilikuwa sijaamini. Nilikaa dirisha la kushoto kwa mara ya kwanza, maana unaporudi Muheza iko kushoto. Baba watoto alinuna mpaka Mazinde, akalala, akaamka Korogwe akauliza kama mama yangu bado anafuga bata.

Konda alitutangazia mwenyewe, kwa sauti ya kusikitika, kwamba tiketi ya Dar ukishukia Segera nauli hairudi. Akafungua buti. Mabegi, maharage, parachichi, mkungu wetu, mkungu wa mama. Tukasimama pembeni ya barabara na joto, watoto wakiwa bado wamevaa masweta, mdogo ameshaona machungwa.

Simu ikaita.

"Mmefika wapi?"

"Segera, mama."

"Haya. Nawaona."

Nikakata. Haice ya Tanga ilikuwa imesimama, na kondakta wake alikuwa anamwambia baba watoto kwamba watu wanne sawa, lakini mkungu ule mrefu una nauli yake.